Sadaka ya Samaki wa Birika

Boga alikuwa ndani ya birika la msikiti, maji yamemfika magotini, akisugua ukuta kwa kumbi la nazi kama mtu mwenye kisasi. Ukoga wa kijani ulibanduka vipande vipande, ukaelea, ukalegea kama mlenda, kisha ukatua palepale ulipotoka. Perege walipita katikati ya miguu yake bila haraka, wanene, wamejaa raha.

"Boga we!" Sauti ya Faki, mwenyekiti wa kamati, ilitangulia tumbo lake kuingia. "Jana nimetawadha hapa nikarudi nyumbani na ndevu za kijani. Dadako akaniuliza kama nimeandikwa jeshi."

"Jeshi gani litakuandika wewe, shemeji? Hiyo kanzu yenyewe yahema."

Faki alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika. Alfajiri hiyo mzee mmoja aliteleza ukingoni, akakaa kitako ndani ya kijani, na maneno yaliyomtoka hayakuwa ya mtu aliyefunga.

"Kamati imekaa," Faki alisema. "Siku ya Idi maji yakiwa hivi, birika tunalikausha. Fundi aje atie mifereji ya bomba."

"Na samaki?"

"Kikaango watakijua."

Boga aliinama akasugua.

Samaki hao aliwaleta mwenyewe, wadogo kama kucha, kutoka bwawa moja upande wa Kwale, njia nzima amelikumbatia debe kama mtoto mgonjwa. Wakati huo kazi ya kuli bandarini kule Kipevu ilikuwa imemwisha, makontena yamekuja na mashine zao, na msikiti huu wa Likoni ulitaka mtu wa kufagia na kujaza birika kutoka kisimani. Mbu walikuwa wengi. Samaki wakala viluwiluwi, mbu wakapungua. Maji ambayo watu walichota kwa kata wakatawadhia yalishuka mtaroni mpaka nyuma ya msikiti, ambako Boga alipanda mchicha. Mavi ya samaki ndiyo yaliyokuwa mbolea. Mchicha ukatoa majani mapana kama viganja vya kuli, na nusu ya mtaa ikawa yaula. Maishani mwake Boga hakuwahi kuwa na kitu kingine ambacho watu walisimama wakakitazama.

Lakini tangu mwezi wa Ramadhani uandame, maji yalibadilika. Mwanzo yakawa kama maji yaliyooshewa mchicha, kisha kama mchicha wenyewe. Alisugua asubuhi, alasiri ukoga umerudi. Aliongeza makuti juu ili jua lisipige. Ukoga haukujali.

Siku hiyo ya habari za kikaango, kumbi lilitoka na kitu laini, cheupe. Boga akakinusa. Iliki.

"Mkate wa sinia," alimwambia mkewe, Mwanamkasi, alipofika nyumbani. "Ndani ya birika!"

Mwanamkasi aligeuka upesi kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

"Mwanamkasi."

"Abee."

"Ni wako?"

"Kipande tu! Nilikirusha dirishani nikipita. Kwani wale si viumbe vya Mungu? Na mwezi huu thawabu yazidi."

Magharibi yake Boga alifuturu kwa tende na maji, akajibanza nyuma ya nguzo. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu akitazama nyuma yake, maana sadaka nzuri ni ya siri. Wa kwanza alitia kaimati. Wa pili muhogo wa nazi. Yule mzee aliyeteleza alitia viazi vya karai, akawaombea samaki dua. Mwisho akaja Faki na wali, sahani nzima.

"Shemeji!"

Faki aliruka, nusura aingie birikani. "Wallahi Boga, utaniua! Mimi natia kidogo tu."

"Kila mtu atia kidogo tu! Samaki wala, wanya, kinachobaki chaoza, na ukoga nao wafuturu!" Boga akajipiga paji la uso. Alikuwa amekumbuka kopo lake mwenyewe la pumba, moja asubuhi na jingine alasiri, kwa huruma. "Lo," akasema. "Na mimi nimo."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani.

Lakini kuwakataza watu sadaka, tena kumi la mwisho la mwezi limeingia? Hilo hata Boga, mtu asiyepaka neno mafuta, hakulithubutu. Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, alisimama mbele ya safu, suruali imekunjwa.

"Jamani, samaki wameshiba. Wamenituma niwaambie. Anayetaka thawabu yao, ndoo zile pale. Chota maji ya kijani, mwagia mchicha, ulete safi kutoka kisimani. Chakula pelekeni kwa watu."

"Wamekutuma kwa lugha gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kidigo. Si wa Kwale hao?"

Msikiti mzima ukaangua kicheko.

Wakaja. Kila alasiri ndoo zilipita mkono kwa mkono, midomo mikavu kwa saumu lakini haikukoma kutaniana. Mzee aliyeteleza aliletewa kiti, akakaa akiwakosoa wote. Mchicha ulikunywa mpaka mtaa ukashindwa kuumaliza. Boga alikuwa akitia pumba ya ncha za vidole tu, na roho inamuuma. Kijani kikafifia. Ikaonekana migongo ya samaki, kisha mapezi, na mwisho bakuli lililozama zamani wakaliona chini, limekaa wima.

Asubuhi ya Idi, Faki aliingia na kanzu mpya, akainama na kata mkononi. Hakuchota. Alitazama majini kwa muda mrefu. Boga alisimama kando, ameubana ufagio kwapani.

"Yule mwenye mkia uliokatika," Faki alisema, "ana sura ya baba mkwe."

"Huyo ni baba yangu unayemsema."

"Ndiyo maana siwezi kumkaanga."

Takbira zilikuwa zimeanza ndani. Boga akausimamisha ufagio ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akaelekea mlangoni. Alipogeuka, Faki alikuwa bado palepale, akichungulia kushoto na kulia, mkono mmoja umezama mfukoni. Na juu ya maji perege walikuwa wamekusanyika, vinywa wazi, wakimsubiri.