Vidole Visiruke

Dada yangu ni kiziwi, na alikuwa anatafuta kazi ya kufundisha hesabu kwenye shule ya viziwi iliyo mbali sana na kwetu. Usaili ni kwa simu ya video. Jumatatu walianza, picha ikaganda, ikarudi, ikaganda tena, mpaka mwalimu mkuu, ambaye naye ni kiziwi, akaandika ujumbe: tujaribu tena Alhamisi asubuhi, ikishindikana tutamchukua mwingine. Basi shughuli ya mtandao nikatupiwa mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nimemaliza shule na nipo nipo tu.

"Wewe si unashinda humo humo mtandaoni," Mama akasema. "Leo ufanye cha maana."

Kwanza nikaitafuta ruta. Mama alikuwa ameiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya masufuria, na kitambaa juu.

"Vumbi," akajitetea.

"Mama, hii inarusha mawimbi. Umeifunika kama kiporo."

Nikaitoa, nikaiweka juu ya stuli sebuleni. Kwenye kompyuta nikapandisha ubora wa picha mpaka mwisho, Dada aonekane mrembo. Halafu nikampigia video rafiki yangu Kipara.

"Unanipata?"

"Nakupata vizuri. Kuliko nilivyotaka."

Tukapiga soga weee, sauti haikukatika hata kidogo. Nikamgeukia Dada, nikamwonyesha dole gumba. Alikuwa ameegemea mlango, kanitazama tu muda wote. Akaniambia kwa mikono: "Umejaribu kwa mdomo."

Nikaangalia kioo. Kweli bwana, Kipara alikuwa amekwama zamani, jicho moja kafumba, na mimi wala sikujali kwa sababu nilikuwa namsikia.

Dada akanipa simu ya Mama, akanifukuza niende uani kwa jirani, nitumie bando la simu. Yeye akabaki mezani na kompyuta. Mchezo wenyewe: anaonyesha namba kwa vidole, mimi nazirudisha. Akaanza na tatu. Mkono ukaruka, ukatua kwenye nane. Nikarudisha tatu, nane. Akatikisa kichwa. Katikati kulikuwa na moja, saba na tano, zote zimemezwa.

Nikarudi mbio, nikaushusha ule ubora. Mama akachungulia kioo.

"Mbona mtoto wangu amekuwa kama yuko ndani ya ukungu?"

"Uso watauona nikifika," Dada akamjibu kwa mikono. "Sasa hivi nataka waone vidole."

Ikawa nafuu, ila bado. Nikaona nyuma yake feni inapepea pazia la maua, na kila ua linalocheza, mtandao unabeba. Nikazima feni, nikalitoa pazia ukutani. Ukabaki ukuta mtupu.

Mama akainua blauzi mpya aliyomnunulia Dada kwa ajili ya usaili. Nayo maua matupu, kila rangi.

"Na hii?"

Mimi na Dada tukatazamana.

"Haya, nimeelewa," akasema, akaenda kuleta gauni lake jeusi.

Mwisho nikaona bora tuachane na waifai, tutumie waya kutoka ruta hadi kompyuta. Waya niliupata, ila kichwa chake kimelegea: ukiushikilia unatulia, ukiuachia unakatika. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilikuwa chini ya meza, nimeshikilia waya, mimi ambaye hata kwenye kiti huwa sikai nikamaliza chai.

"Usipumue sana," Mama akaninong'oneza. Alikuwa amesimama pembeni, kamera isimpate.

Nilichokuwa naona ni miguu ya Dada tu, inapigapiga sakafu. Mama ndiye alikuwa mtangazaji wangu.

"Wamesalimiana... Anamuuliza alisomea wapi... Sasa kaitwa mtoto. Eti amfundishe saba jumlisha tano, hapo hapo."

Miguu ya Dada ikatulia.

"Mtoto vidole vimemwishia. Dada yako anamwambia akope vya mwalimu mkuu." Mama akaziba mdomo asicheke. "Mwalimu mkuu kavitoa kweli. Wanahesabu... Kumi na mbili. Kapata."

Halafu Mama akaacha kutangaza. Mikono ya Dada ikashuka, ikalala magotini.

"Imeganda?" nikauliza. "Mama, mimi sijaachia."

Nikachungulia ukingoni mwa meza. Kwenye kioo mwalimu mkuu anapepesa macho, mtoto anapunga mkono, mambo yote yanakwenda. Aliyeganda ni Dada.

"Kwani kaulizwa nini?"

"Kama anaweza kuanza mwezi ujao," Mama akasema.

Mikono ikainuka kutoka magotini, polepole. Nikiwa kule chini sikuona ilichosema, ila nilimwona Mama akikaa sakafuni, na ile blauzi ya maua kaikumbatia.

"Niachie waya sasa?"

"Ukiuachia kabla hawajaagana," Mama akasema huku anafuta macho, "leo huli kwangu."