Treni Iliyotangulia Reli

Jumatatu moja, baada ya sala ya alasiri, Bi Mwatum wa Kiuyu alikuwa akigeuza karafuu juu ya jamvi kwa nyayo zake, kama wafanyavyo watu wenye mgongo mbovu, treni ya mwendo kasi ilipopita katikati ya mikarafuu yake. Alishika kanga isipeperuke, akangoja mabehewa yaishe, akaokota karafuu zilizorushwa na upepo, kisha akaendelea kugeuza.

Reli ilikuwa bado haijajengwa. Mradi ulikuwa wa fedha za nchi za mbali, na treni yake ilikuwa na kasi iliyozidi hata mipango yake yenyewe, ikatangulia kufika. Ilianza kupita kabla halijamwagwa toroli moja la kokoto. Ilitoka Mkoani kwenda Konde, kusini hadi kaskazini mwa kisiwa chetu, ikipenya ndani ya nyumba, miti na ng'ombe bila kumdhuru mtu, kama mwanga upitavyo kwenye maji. Ng'ombe walichukua wiki nzima kuzoea. Sisi tulizoea siku ileile, maana tumeshaahidiwa mengi na hili lilikuwa la kwanza kutokea.

Haikuwa ikisimama popote. Mhandisi mmoja alieleza mkutanoni kwamba treni ya namna ile inahitaji masafa marefu ili ishike mwendo, na masafa mengine ili iupunguze, na kisiwa chetu kinakwisha kabla ya hayo yote. Wafadhili wakajibu kwamba kisiwa kitarefushwa katika awamu ya pili. Tukapiga makofi. Mzee Ngwali, aliyekuwa amekaa mbele kama kawaida yake, aliuliza kitarefushwa upande gani, apande muhogo mapema.

Redio nayo ikatangaza kwamba mradi umepiga hatua kubwa, kwa kuwa treni imeshaanza safari. Kilichobaki ni reli, madaraja na vituo tu. Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tumewahi kuanza nyumba kwa kununua mlango.

Madirishani mwa treni walionekana abiria wamekaa kwa raha, wakitupiga picha kwa simu. Kwa hiyo ikawa kila alasiri watu wa Kiuyu huoga, wanaume huvaa kanzu za Ijumaa hata ikiwa Jumanne, na kina mama huanua nguo kuukuu kambani. Tuliwatazama sana abiria wale, na hatukuona hata sura moja ya mtu wa kwetu. Nyange, fundi baiskeli, alisema huenda sisi tumekaa upande wa pili wa treni.

Hayo yote Bi Mwatum hakuyajali. Shida yake ilikuwa mikarafuu. Alikuwa nayo saba, aliyoachiwa na mama yake, na ndiyo iliyomlisha tangu alipofiwa na mumewe. Yote saba ilikuwa imepigwa alama nyekundu, na tingatinga la mradi, lililoshushwa bandarini Wesha, lilikuwa linakaribia kijiji kwa kijiji, likipumzika mchana kama mtu.

Miti ya wengine ililipiwa fidia huko lilikopita. Ya Kiuyu haikulipiwa, na kosa lilikuwa la kwetu wenyewe. Siku ya kuhesabu miti alikuja afisa wa fidia, Ndugu Haitham, amevaa tai. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mikarafuu hii ya nani?" Sasa, mtu aliyelelewa Kiuyu akiulizwa na mgeni kitu cha nani, hasemi "changu." Kusema "changu" mbele ya mgeni ni sawa na kuanza kula kabla yake, tena ni kujiitia hasidi. Kwa hiyo nyumba ya kwanza walisema, "Ya Mungu, mwanangu. Sisi watunzaji tu." Nyumba ya pili wakasema hivyohivyo, na ya tatu, mpaka mwisho wa kijiji, kila mmoja akimzidi mwenziwe kwa unyenyekevu. Ndugu Haitham mwenyewe ni mtoto wa Chake, mjini hapahapa kisiwani, na alipaswa kuelewa, lakini alikuwa amesoma nje mpaka shahada ya pili, adabu hiyo ikamtoka. Aliandika alichoambiwa.

Mkutano wa fidia ulipofanyika, alitangaza kwamba miti yote ya Kiuyu ina mmiliki mmoja, na mmiliki huyo hakujitokeza.

"Astaghfirullah," alisema Bi Mwatum, akatoka nje.

Kesho yake alikwenda kwenye baraza ya Sheha Msellem, mkuu wa shehia yetu, ambapo Ndugu Haitham alikuwa akinywa kahawa. Alimchukua Mzee Ngwali awe shahidi, na njia nzima akamfundisha la kusema.

"Ndugu Haitham, baba," alianza, "siku ile n'lipokwambia mikarafuu ya Mungu, n'likuwa nakuheshimu tu."

"Nimefahamu, Bi. Na mie nikaandika ulivyosema. Leo unasema si ya Mungu?"

Swali lile hata imamu wetu angeomba apewe mpaka Ijumaa.

"Ya Mungu," alisema Bi Mwatum. "Lakini..."

"Basi hatuna mgogoro."

"Muulize shahidi wangu."

Ndugu Haitham akamgeukia mzee. "Mzee Ngwali, mikarafuu saba ile iliyo nyuma ya kisima ni ya nani?"

Mzee Ngwali alikohoa. Jibu alikuwa nalo mdomoni, fupi, lenye maneno mawili. Lakini alipomtazama Ndugu Haitham na tai yake, akamwona mgeni, malezi yakamshinda.

"Mwanangu," alisema, "mie n'na nini, na wewe una nini? Sote wapita njia."

Bi Mwatum akamkanyaga.

"Sheha, nakanyagwa," alisema Mzee Ngwali.

"Naona," alisema Sheha.

Ndugu Haitham hakuwa mtu mbaya. Aliahidi kwenda kuiona miti kwa macho yake, na alasiri iliyofuata akaenda kweli. Akasimama chini ya mkarafuu mkubwa, Bi Mwatum pembeni yake, nasi wengine nyuma tukiwa tumeoga. Treni ikaja kwa wakati wake. Ikapita ndani ya mikarafuu yote saba na ndani ya Ndugu Haitham, ikamwinulia tai mpaka begani, ikaondoka. Hakuna tawi lililovunjika.

Ndugu Haitham akaiteremsha tai yake. "Bi," alisema kwa upole, "kitaalamu treni haiwezi kupita penye mti. Na hii imepita. Kwa hiyo mti haupo."

Bi Mwatum akaupiga mkarafuu kofi. Majani mawili yakaanguka. "Na hichi n'kipigacho nini?"

"Hicho ni kizuizi kilichokwisha kuondolewa."

Tulitikisa vichwa. Wengi wetu tuliona ameeleza vizuri.

Siku iliyofuata Bi Mwatum alifanya jambo ambalo Kiuyu halijawahi kufanywa na mtu mzima mwenye akili zake. Alipanda ngazi ya kuchumia karafuu mpaka katikati ya mkarafuu, akamngoja Ndugu Haitham afike, na treni ilipokuwa ikipita akapaza sauti kuishinda.

"Yangu! Mikarafuu hii yangu mie, Mwatum binti Jecha! Si ya jirani, si ya shehia! Yangu!"

Kina mama walijifunika kanga nyuso. Mzee Ngwali aliziba masikio, akakumbuka kuwa yeye ni shahidi, akazibua moja. Nyange alimwambia mwanawe aende nyumbani. Ndani ya treni abiria mmoja alipunga mkono, akidhani anaamkiwa.

Ndugu Haitham aliguswa. Hilo lazima lisemwe. Alitoa kalamu, akaishika hewani kwa muda, akairudisha mfukoni.

"Nimekusikia, Bi. Lakini madai hupokelewa kabla treni haijaanza kupita."

"Na kabla haijaanza kupita, mbona hamkuja?"

"Tungekujaje? Mradi ulikuwa haujaanza."

Bi Mwatum akashuka ngazi, taratibu, kwa sababu ya mgongo. Hakuna aliyemsaidia; hatukujua tena ngazi ile tuishike kwa idhini ya nani.

Tingatinga lilifika Alhamisi. Liliiangusha mikarafuu yote saba kabla ya adhuhuri, pamoja na ya watu wengine, ambao walitazama kwa adabu. Sheha alimpelekea dereva wa tingatinga chai na mihogo. Jioni redio ilitangaza kwamba mradi umepiga hatua nyingine. Reli haikuja. Treni iliendelea kupita kila alasiri palepale, bila kupunguza wala kuongeza mwendo.

Vivuli vya mikarafuu ya Bi Mwatum havikuondoka. Vilibaki chini, saba, vizito na vya baridi, vikizunguka na jua kama zamani, juu yake hakuna kitu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo: treni ikiweza kuja kabla ya reli, kivuli kinaweza kubaki baada ya mti. Bi Mwatum alilihamishia jamvi lake pale. Karafuu za kuanika hakuwa nazo tena, akawa anakaa tu, anasuka ukili wa mkeka ambao hakuna aliyemwagiza.

Mchana mmoja wa jua kali Ndugu Haitham alipita, amelowa jasho mpaka kwenye tai. Akaomba akae kidogo. Akakaa. Akafumba macho, akavuta pumzi, maana kivuli kile kilikuwa bado kinanukia karafuu.

"Pazuri hapa," alisema.

"Ndugu Haitham, baba," alisema Bi Mwatum bila kuacha kusuka, "hichi kivuli cha nani?"

"Cha mradi, Bi," alijibu palepale, hata macho hakufumbua.

Bi Mwatum akafikiri kidogo. Kisha akasogea ukingoni mwa jamvi, nusu mwili ukabaki juani, ili mgeni apate kunyoosha miguu.