Saa Mbili ya Gazeti

Asubuhi za Julai pale Pumwani, ukungu uliingia darasani bila hodi. Vioo vya madirisha vilivunjika zamani, na Mwalimu Syombua alikuwa ameziba mapengo kwa kurasa za magazeti, kwa hiyo mwanga ulitufikia ukiwa umepita kwanza kwenye maandishi, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa nasinzia humo macho wazi, nasikia redio za majirani kwa mbali. Nilipenda darasa hilo kuliko nyumbani kwetu, na sioni haya kusema.

Kila Alhamisi Mwalimu alituletea magazeti mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, akatufundisha kuyahoji. Walimu wenzake walimcheka. Wazazi wanataka watoto wapite mtihani wa darasa la saba, walisema, huyu anawafundisha ubishi. Waache wacheke, maana hao hao walikuwa wakiamini kila tangazo la sabuni redioni. Mwalimu Syombua alisema gazeti ni mtu tu anayeongea, na mtu anayeongea huulizwa: Nani kakwambia? Umejuaje? Unataka nini kwetu? Sisi tulikuwa tukichapwa nyumbani kwa kuuliza-uliza, basi kipindi hicho kilikuwa raha tupu.

Alhamisi moja Luul, mwenzangu wa dawati, alikuja akiwa na gazeti la Kiswahili kwapani. Baba yake, mzee Gedi, alikuwa dereva wa lori la sukari, Nairobi hadi Garissa, na safari zake zilichukua siku kadhaa bila habari yoyote. Gazeti hilo lilikuwa limeshazunguka mtaa wetu wote wa Majengo: lori la sukari limepinduka darajani karibu na Mwingi, dereva amekufa papo hapo. Jina halikutajwa.

"Si buda yangu," Luul aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Ngoja tu. Utaona."

Mwalimu alipoingia, Luul alisimama hata salamu hazijaisha.

"Mwalimu, hii gazeti inasema ajali ilikuwa saa mbili, usiku wa kuamkia jana. Saa mbili hiyo baba alikuwa kwetu, anakula. Alitoka saa nne. Sasa mtu anaweza kufa Mwingi na bado anakula Majengo?"

Darasa zima tulilipuka kwa makofi. Kwa dakika ile sote tulimwona mzee Gedi ameketi kwenye mkeka na sahani yake ya wali, ndevu zake nyekundu za hina, anakula polepole ndani ya ule mwanga wa chai, wala hakuna barabara wala daraja wala giza. Tulimweka pale kwa nguvu zetu zote. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na si kawaida yangu.

Mwalimu Syombua hakupiga makofi. Alikuwa anatazama gazeti la Kiingereza juu ya meza yake. Akalikunja, akalitumbukiza kwenye kiondo.

"Vizuri sana, Luul. Kaa chini."

Luul hakukaa. "Na ile ya Kiingereza inasemaje?"

"Hilo la Kiingereza," akasema Mwalimu, "leo nimelisahau nyumbani."

Gazeti lilikuwa limechomoza kiondoni, kila mtu analiona. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Habari za gazeti la Kiswahili zilikuwa zikifasiriwa kutoka Kiingereza, tulishaonyeshwa hivyo, na huyo mfasiri, sijui alikuwa anakimbilia wapi, alikuta *two* akaandika mbili. Lakini *two* ya usiku ya Kiingereza ni saa nane yetu. Kwetu kwa asili ni Mwingi, safari hiyo naijua. Lori likitoka hapa saa nne, hiyo saa nane liko huko. Nilimvuta Luul sketi akae. Nilimkasirikia kweli, nikatamani awe mjinga siku hiyo moja tu.

Akautoa mkono wangu taratibu.

"Mwalimu," akasema, "unataka nini kwetu?"

Hakuwa na ujeuri. Aliuliza vile vile tulivyofundishwa, kwa sauti ya mtoto anayejibu vizuri. Mwalimu Syombua alishika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa msichana tu, pengine hajafika miaka ishirini na mitano.

"Nilitaka ukae na baba yako mpaka kengele ilie," akasema.

Luul alikwenda mbele, akalichomoa gazeti yeye mwenyewe, akalisoma amesimama dirishani. Niliona midomo yake ikigeuza saa, kutoka yao kuja yetu. Akairudia hesabu tena, kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe. Mwalimu alimwendea akataka kumkumbatia, lakini Luul alikuwa anakusanya vitabu vyake.

"Pole, mwanangu," Mwalimu alisema. "Kaa kwanza. Nitakupeleka."

"Siwezi kukaa, Mwalimu. Mama nimemwacha anaimba," Luul akasema. "Mimi ndio nilimsomea hiyo saa mbili."