Mkono wa Bi Veneranda

Method alikuwa mtetezi mkubwa wa ndovu. Tangu ahamie Spånga, kule Uswidi, hakuwahi kumwona hata mmoja, lakini mdomo wake ulikuwa umeshaokoa makundi mazima. Jumamosi hiyo, kwenye ukumbi mmoja wa Vällingby, mtaa wa jirani, Watanzania na Wakenya walikuwa wanamchagua mwenyekiti wa kampeni yao ya kupinga biashara ya pembe, na Method aliutaka uenyekiti ule mpaka usingizi ulimpaa.

Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Veneranda, aliyefika juzi kutoka Bunda na bado hajaonwa na mtu. Mkononi alikuwa na bangili ya pembe ya ndovu, aliyovishwa siku ya harusi yake. Mkono ulishanenepa, bangili haitoki ng'o, hata kwa sabuni. Uwanja wa ndege nani amkague bibi kizee mwenye sweta? Balaa likaingia nyumbani salama salimini.

"Mama, baki upumzike," Method alimbembeleza.

"Nipumzike nini? Mwanangu anahutubia Wazungu, nami nikae natazama ukuta? Thubutu!"

Basi akaenda, akakaa mstari wa mbele, akiwa ameapa kwamba sweta haivui hata jasho limtiririke.

Jamani, Method alihutubia! Akatoa na machozi kidogo. Wageni wa Kiswidi, waliokuwa wakitafsiriwa, nao wakapangusa macho. Kisha akapaza sauti: "Anayekubali kwamba pembe ni ya ndovu peke yake, anyooshe mkono!"

Mama gani atamwangusha mwanawe mbele za watu? Bi Veneranda alikuwa wa kwanza. Aliunyoosha mkono juu kabisa, na sweta ikateremka mpaka kwenye kiwiko.

Owuor, Mkenya aliyeongoza kikao, akaitazama ile bangili iliyogeuka manjano kwa umri.

"Huyu mama ni wa nani?" akauliza.

Loo, dunia hii!

"Simfahamu," Method akasema. "Labda ni mgeni, kapita tu."

Bi Veneranda akashusha mkono. Ilimuuma, na uso haukuficha. Akavuta sweta, akasimama.

"Kijana anasema kweli," akawaambia. "Mimi mgeni tu hapa. Mchagueni, ni mtu mwema."

Wakamchagua.