Msuli Mbishi wa Dada Mal-sun

Dada Mal-sun alisugua migongo ya wanawake katika bafu la umma mjini Masan, Korea, kwa miaka thelathini na moja, hadi kano za bega lake la kulia zikachanika vibaya, daktari akasema hazishoneki tena. Basi daktari huyo akaubandua msuli mpana wa mgongoni, akauhamishia begani. Sisi wasuguaji wenzake tulicheka mpaka tukashika mbavu, maana hatukujua kama hata msuli huhama nyumba.

Lakini msuli wenyewe ulikuwa mbishi. Maisha yake yote ulizoea kuvuta chini, sasa unaambiwa unyanyue juu. Miezi kumi ikapita, mkono unakomea kifuani. Naye mwenye bafu, Bi Yeong-rye, alishasema: asipounyanyua kabla ya mwaka mpya, kitanda chake cha kusugulia atapewa mwingine. Mwingine huyo nilikuwa mimi, na wallahi sikukitaka.

Mkesha wa mwaka mpya bafu likajaa pomoni. Bi Yeong-rye akaja, suruali kaikunja magotini.

"Haya dada, nyanyua tuone."

Mal-sun akakaza uso, akakaza shingo, akakaza hata makalio. Mkono ukagoma.

"Daktari alikwambia ufikirie nini?" nikamuuliza.

"Nifikirie navuta chini. Nivute chini ili mkono upande juu, wewe umeona wapi? Yule kasomea uchawi."

"Basi, dada," Bi Yeong-rye akasema kwa upole. "Gye-hwa, mteja anakungoja."

Nikamrudia mteja aliyelala kwenye kitanda kile cha Mal-sun, roho inaniuma, nikawa nasugua ovyo. Mal-sun akanitazama weee, uvumilivu ukamshinda.

"We Gye-hwa, huyo ni mtu au paka? Acha kupapasa. Vuta kwa mgongo, hivi."

Akavuta hewani kunionyesha. Mkono ukapanda, ukapita sikio, ukasimama juu ya kichwa. Bafu zima tukashangilia, wengine wana povu vichwani, wengine wanagonga mabakuli. Yeye kaganda vilevile.

"Shusha basi," nikamwambia.

"Naogopa. Usije ukakataa kurudi juu."

Akaushusha. Akaupandisha. Mara tano, mara sita, kicheko na machozi pamoja. Bi Yeong-rye akafuta macho, akasingizia mvuke.

"Jamani, upande mmoja bado," mteja akalalamika.

Mal-sun akanivua glavu ya kusugulia.

"Sogea. Hicho kitanda changu."

Nikasogea. Sijawahi kunyang'anywa kitu nikafurahi namna ile.