Wakfu wa Mwanamkasi

Kumi la kwanza la Ramadhani lilikuwa linakaribia kwisha tangazo la mashine za sukari lilipofika maabara. Benedikta, mwenzake Thuwaiba katika zamu ya asubuhi, ndiye aliyelisoma kwanza kwenye simu ya ofisi, kwa sauti ya mtu asomaye jambo lisilomhusu. Kampuni iliyotengeneza vipima sukari vya mkononi vya aina fulani ilikuwa imegundua kwamba baadhi yake, vikishakaa muda mrefu katika joto na unyevu, huonyesha sukari ndogo kuliko iliyomo kwenye damu. Wenye navyo waache kuvitumia mara moja na wavirudishe kwa wakala. Kila anayemeza dawa, au aliyeacha kuimeza, kwa kufuata vipimo hivyo, apimwe upya hospitalini.

"Sisi hatuna hivyo," Benedikta alisema. "Ni vya watu wa majumbani. Na afadhali, maana hapa kwetu mpaka upate sahihi ya kurudisha kitu, chenyewe kimeshaota kutu."

Thuwaiba hakucheka. Aliiomba ile simu, akaitazama picha: kipima cha kijivu chenye kitufe cha buluu. Alikijua kama mtu anavyoijua sufuria ya nyumbani kwao. Ndicho alichomnunulia mama yake, Mwanamkasi, katika duka la dawa mjini Tanga, akakipeleka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akamfundisha kukitumia mpaka mama akachoka kufundishwa.

Mwanamkasi alifariki mwaka jana. Arobaini ilipokwisha, wanawake walikaa kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi: kanga kwa ndugu, vyombo kwa majirani, kitanda kwa mjane asiye na kitanda. Ilipofika zamu ya mashine, Thuwaiba alisema isipewe mtu. Iwe wakfu kwa wanawake wote wa Bweni wenye sukari, na kila itakapomfaa mmoja wao, thawabu zimfikie mama yake huko aliko. Wanawake waliitikia amini kwa sauti moja. Mashine ikawekwa kwa Bi Zuwena, rafiki wa utotoni wa marehemu na somo wa Thuwaiba mwenyewe, yaani mwanamke aliyemfunda kabla ya kuolewa. Kila aliyehitaji alikwenda na vikaratasi vyake vya kudondoshea damu, akajitoboa kidole, akasoma namba, akamwombea Mwanamkasi.

Mwezi wa Shaabani mashine ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Wanawake walikuja kuiuliza kama wanaweza kufunga. Daktari wa Pangani mjini aliwakataza wengi. Mashine iliwaruhusu karibu wote. "Mashine ya Mwanamkasi ina huruma," walisema, na waliamini kabisa kwamba namba zile nzuri zilikuwa baraka ya sadaka ya maiti. Thuwaiba aliyasikia maneno hayo, na badala ya kushtuka alifurahi. Yeye aliyefundishwa chuoni kwamba hakuna kipimo cha kuaminiwa kabla hakijalinganishwa na kipimo kingine, hakuwahi hata siku moja kuilinganisha mashine ile na nyingine. Angewezaje? Ilikuwa imeshaacha kuwa mashine. Ilikuwa ni mama yake anayeendelea kufaa watu.

Jioni ile alinunua kipima kipya, cha aina nyingine. Usiku mzima alipanga maneno. Hangewaambia habari ya tangazo. Angesema amewaletea cha kisasa zaidi, achukue cha zamani, kisha kwa upole amshawishi kila mmoja aende hospitali kukaguliwa. Jina la mama yake lingebaki safi. Na kulikuwa na swali moja, ambalo angelisikia likiulizwa iwapo ukweli ungetoka, na ambalo hata yeye alilipitia mbali kila lilipomjia.

Alivuka mto na pantoni mchana wa siku ya pili, akamkuta Bi Zuwena amejilaza ubavu juu ya mkeka ukumbini. Bi Tuhfa, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa pembeni juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari.

"Shikamoo somo. Shikamoo Bi Tuhfa."

"Marahaba, mwanangu," Bi Zuwena alisema bila kuinuka. "Leo umeikumbuka njia? Nilidhani wamekufungia kwenye chupa huko maabara, pamoja na hizo damu za watu."

"Kazi, somo."

"Kazi! Mumeo naye unamwambia hivyo hivyo?"

Bi Tuhfa aliangua kicheko. Thuwaiba aliketi, akamtazama somo wake vizuri. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza, midomo imekauka na kupasuka pembeni.

"Umepungua, somo."

"Si saumu hiyo? Au nyinyi wa mjini mwezi huu ndio mnanenepa?"

"Saumu gani," Bi Tuhfa alidakia. "Mchana anafunga, ikiingia magharibi anakunywa maji mpaka tunakiogopea kisima. Juzi kanisalimu mimi akidhani ni mwanangu wa kiume. Na ndevu sina."

"Macho tu yana ukungu," Bi Zuwena alisema. "Uzee. Sukari yangu haina neno, jana imesoma saba."

Thuwaiba aliuvuta mkoba wake karibu. Aliufungua, akatoa kipima kipya, akayatamka maneno aliyoyapanga. Yalitoka vizuri, kama somo lililokaririwa. Bi Zuwena alikipokea, akakigeuza, akakisifu kwa wepesi wake, kisha akakirudisha mkekani.

"Ahsante, Mungu akuzidishie. Kiweke hapo ubavuni mwa mwenzake. Hiki kitakuwa thawabu zako wewe."

"Cha zamani nitakichukua, somo."

"Ukipeleke wapi?"

"Kimezeeka."

"Na mimi nimezeeka, mbona hunichukui?" Alicheka kidogo, halafu sauti ikawa nzito. "Thuwaiba, wakfu haurudishwi. Ulitamka mbele yetu, tukaitikia amini. Sasa mimi mlinzi wake nikutolee tu, kwa kuwa umeona kipya dukani? Nikikutana na Mwanamkasi nitamwambia nini? Kwamba nilizifunga thawabu zake kwa mkono wangu?"

"Na hicho kipya tunakijuaje?" Bi Tuhfa aliuliza. "Kikianza kutukataza kufunga kama yule daktari? Sisi tutapima kwa vyote viwili, halafu tutafuata chenye huruma."

Walicheka wote wawili. Na katika kicheko kile Thuwaiba aliona wazi kwamba uongo wake usingefika popote. Vipima viwili vingewekwa ubavu kwa ubavu, na wanawake wa Bweni wangechagua kinachowaua, kwa mapenzi ya mama yake.

"Somo," alisema, "mashine ile inasema uongo."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza. Thuwaiba alieleza yote: tangazo, joto, unyevu, namba zilizo ndogo kuliko ukweli. Alieleza polepole, bila maneno ya kitaalamu ya kujifichia. Alipomaliza, Bi Tuhfa ndiye aliyesema kwanza.

"Tangu lini?"

"Sijui. Hata waliotengeneza hawajui vizuri."

"Mimi vidonge nimeviacha tangu Shaabani. Nikiona saba, nikiona sita, nikasema alhamdulillahi, nimepona." Alijifuta mikono kwenye kanga, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imeshakauka. "Mwana wewe, kazi yako ni kupima. Ulitupa kitu hiki hujakipima?"

"Ndiyo."

"Ndiyo, basi?"

"Ndiyo, Bi Tuhfa. Sikukipima. Na leo nilikuja kukiondoa nikiwa sitaki kuwaambia."

Bi Tuhfa alisimama kana kwamba atatoka, asitoke. Bi Zuwena alikuwa ameinuka na kuegemea ukuta, anahema kwa haraka, macho yake yenye ukungu yakimtafuta Thuwaiba usoni.

"Na mamako?" aliuliza.

Hilo ndilo swali lenyewe. Thuwaiba aliikumbuka siku ile wodini: mama anahema kama mtu aliyepanda mlima, pumzi yake ina harufu ya tunda lililovunda, na daktari kijana akauliza kama mgonjwa hupima sukari nyumbani. Thuwaiba alijibu kabla swali halijaisha, kwa fahari ya mtu wa fani, kwamba hupima kila siku na namba zake ni nzuri. Daktari alimwamini mwenzake wa fani. Akageukia malaria, akageukia kifua, na alipoirudia sukari ilikuwa imeshapanda mno.

"Sijui, somo."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia. Hilo la kutojua ndilo lililonifanya nitake kuja kimya kimya na kuondoka kimya kimya."

Bi Zuwena alinyoosha mkono wake wa kushoto. "Nipime. Anza na cha Mwanamkasi."

Thuwaiba alimtoboa kidole. Kioo cha kijivu kilionyesha saba na ushei. Alichukua tone jingine kutoka kidole kile kile, akaliweka kwenye kipima kipya, wakasubiri. Hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili.

"Kimeandika nini?"

"Kinasema sukari imepita mwisho wa kipimo chake. Hakiwezi kuihesabu."

Bi Tuhfa alipiga magoti mkekani, akavitazama vile vipima viwili kama anayetazama watu wawili waliogombana, na yeye anawapenda wote.

"Fungua sasa hivi, somo," Thuwaiba alisema. "Unywe maji, kisha tuvuke. Mgonjwa ana ruhusa, unajua."

"Ruhusa najua. Nilikuwa nayo tangu mwanzo, nikaikataa kwa kuwa mashine iliniambia mimi si mgonjwa." Alimgeukia Bi Tuhfa. "Nipe maji."

Aliyanywa akiwa ameupa mgongo mlango ulio wazi, kikombe amekishika kwa mikono miwili, funda moja baada ya jingine, mpaka akayamaliza.

Bajaji iliwapeleka gatini. Pantoni ilikuwa ng'ambo, inapakia lori la saruji. Thuwaiba alimshika Bi Zuwena mabegani muda wote wa kuisubiri na muda wote wa kuvuka, akiongea naye asilale. Alimuuliza majina ya watu aliowafunda, na Bi Zuwena aliyataja, mengine mara mbili. Hospitalini safari hii Thuwaiba alisema kila kitu mara moja, hata asichoulizwa. Dripu ilitundikwa, dawa ikaanza kuingia, na kufikia alasiri pumzi ya mgonjwa ilikuwa imetulia.

Bi Tuhfa alifika baadaye na pantoni nyingine. Hakuwa peke yake. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na wanawake waliomfuata walijaa kwenye mabenchi ya nje, wamejifunika baibui, wengine wamekuja na vidonge vyao walivyoviacha, vimefungwa kwenye pindo za kanga. Sukari ya Bi Tuhfa mwenyewe ilisoma kumi na nane. Thuwaiba aliomba ruhusa ya kusaidia kupima, akapewa, na kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale: mashine ilikuwa na kasoro, nilikuwa na wajibu wa kuikagua, sikuikagua. Wengine walimpa pole. Wengine walimpa kidole bila kumtazama. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba dua zote zile kumbe zilikuwa zinakwenda kwenye bati bovu, akanyamazishwa na mwenziwe, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bi Tuhfa aliondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata, akiwa kando ya kitanda cha Bi Zuwena, alimpigia simu wakala. Kijana aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Laurenti. Alikuwa na adabu, na maswali yake yalikuwa na mpangilio. Aina ya mashine. Namba iliyoandikwa nyuma yake. Mahali ilipokuwa ikitumika.

"Kuna mtumiaji yeyote aliyepata madhara, dada?"

"Yupo mmoja, niko naye hapa wodini. Anaendelea vizuri. Wapo wengine walioanzishiwa dawa upya jana."

"Poleni sana. Zaidi ya hao?"

Angeweza kusema hapana. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi, wala hapakuwa na mtu wa kumdai jibu hilo. Bi Zuwena alikuwa amefumbua macho, anamsikiliza.

"Mwanamkasi binti Ame," Thuwaiba alisema. "Ni mama yangu. Ndiye aliyekuwa mwenye mashine. Alifariki mwaka jana, sukari ikiwa juu, na mashine ilikuwa ikituambia iko chini."

"Pole, dada. Sasa... niandike kwamba alifariki kwa sababu ya mashine?"

"Hapana. Sina hakika hiyo."

"Basi niache nafasi yake wazi?"

"Usiiache wazi. Andika jina lake, andika kwamba aliitumia, na kwamba haijulikani. Wakija kuhesabu watu, naye ahesabiwe."

"Sawa. Naomba umri wake."

Thuwaiba alifungua mdomo, akagundua kwamba hakuwa na hakika. Kwenye karatasi za hospitali aliandika mwaka mmoja. Kitambulisho kilikuwa na mwingine. Aliishusha simu kutoka sikioni.

"Somo, mama alizaliwa mwaka gani?"

Bi Zuwena aliyainua macho kwenye dari, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vilivyotobolewa. "Mimi nilizaliwa mwaka wa uhuru," alisema. "Yeye nilimkuta anatambaa. Ngoja, si anatambaa. Mama aliniambia alikuwa ameshaanza kusimama kwa kushika ukuta. Mwambie huyo kijana asubiri, nisije nikamkosea."