Msimamizi wa Mfumo

Noreen Trezise alibofya mara ya tatu, safari hii akikibana kipanya kwa kidole na kukishikilia hapo hapo, kana kwamba mara mbili za kwanza mashine haikumsikia vizuri. Kisanduku kile kile cha kijivu kikachomoza katikati ya barua ya Rhonda.

*Kitendo hiki kimesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye kompyuta hii. Tafadhali wasiliana na msimamizi wa mfumo wako.*

Msimamizi wa mfumo alikuwa makaburini, safu ya nne, upande wa uzio wa reli ya zamani, tangu Februari. Aliitwa Clem, na alikuwa mume wa Noreen kwa miaka hamsini na mmoja.

"Haya, niambie basi nitawasiliana naye vipi," Noreen akaiambia mashine. Mashine ilikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa Sawa. Akakibofya, maana angefanya nini.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi na mbili. Ikifika saa tano na nusu kwa saa hiyo ya ukutani, kule Albany, ng'ambo ya pili ya nchi ambako saa zao ziko nyuma, ibada ya mazishi ya Glenys ingeanza. Glenys alikuwa dada yake, na hakuwa na mwingine. Noreen alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kutokea, amepaka poda, ametia hereni. Miguuni alikuwa na slipa, kwa sababu nyonga mpya aliyowekewa hospitali ilikuwa haijakubali viatu. Ilikuwa na wiki tano tu ile nyonga, na daktari alikataa katakata habari za ndege.

"Usijali, Mama mdogo," Rhonda, binti wa Glenys, alimwambia kwenye simu juzi. "Nitakutumia linki. Wewe utabofya tu, utatuona wote kanisani. Ila uwahi, maana hairekodiwi. Mama unamjua, picha alikuwa hazitaki."

Utabofya tu. Watu husema hivyo kwa wepesi kweli.

Alimpigia Rhonda, simu ikawa imezimwa, kama simu ya mtu aliye kanisani inavyotakiwa kuwa. Akampigia Dawn wa nyumba ya pili, halafu akakumbuka Dawn ameondoka alfajiri kwenda Adelaide kutazamwa macho. Maktaba ya Port Callan hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, leo Alhamisi. Simu yake mwenyewe ya mkononi ilikuwa ya vitufe, inajua kupiga na kupokea, basi. Ndipo akaitafuta ile namba ya kampuni ya intaneti, iliyobandikwa ubavuni mwa mashine kwa mwandiko wa Clem, akaipiga, akapokewa na muziki.

Muziki ulimkera. Yeye alikaa miaka kumi na minne kwenye swichibodi ya posta, pale pale Port Callan, enzi ambazo ukitaka kumpigia mtu wa mtaa wa pili lazima upitie kwa Noreen, na hakuna mtu aliyewahi kumwachia muziki. Mpigaji alikuwa akiambiwa, "Bado nakutafutia, mpenzi," na yeye alijua kuna mtu. Jumapili mchana, laini zikiwa hazina kazi, alimwomba mwanamke wa Port Augusta amsukume mbele, yule akamkabidhi kwa wa Kalgoorlie, wa Kalgoorlie akamkabidhi kwa wa Perth, na wa Perth akamfikisha Albany, kwa Glenys. Ilikuwa marufuku, na wote walifanya. Hawakuwa na la maana la kuambiana, yeye na dada yake. Mvua imenyesha, haijanyesha, kuku wametaga, mtoto ameota jino. Wanawake watatu wa katikati walikuwa wakisikiliza na wakati mwingine mmoja wao alicheka.

Saa sita kasoro kumi muziki ukakatika.

"Umepiga huduma kwa wateja, unaongea na Losalini. Nikusaidie nini?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu.

"Mwanangu, uko wapi huko?"

"Suva, mama. Fiji."

"Mna mvua nzuri."

"Tumeichoka," Losalini akasema. "Tatizo ni nini?"

Noreen akamweleza, kwa mpangilio na bila maneno ya ziada, kama alivyozoea kueleza laini iliyoharibika: nikibofya linki kwenye barua pepe haifunguki, inatoa kisanduku, kisanduku kinasema hivi. Halafu akaongeza, kwa sauti iliyomponyoka, "Ni mazishi ya dada yangu. Yameshaanza."

Losalini hakusema pole hapo hapo. Alisema, "Basi twende haraka." Akamwelekeza ainakili anwani ya linki na kuibandika juu, mahali anaposomea habari. Noreen akafanya. Kisanduku kile kile.

"Huyu aliyekufungia amefunga kweli kweli," Losalini akasema. "Ameruhusu kurasa ngapi?"

"Nne. Hali ya hewa, habari, mpira, na maji ya bahari kupwa na kujaa."

"Nani huyo?"

"Mume wangu. Ni kosa langu."

Na kweli lilikuwa lake. Miaka miwili iliyopita alibofya linki ya kifurushi ambacho hakukiagiza, na kufumba na kufumbua kukawa na mwanamume asiyemjua akizungusha mshale kwenye kioo chao na kuwasemesha kupitia spika. Clem alichomoa waya ukutani. Alikaa wiki nzima akiisafisha ile mashine, kisha akafunga kila kilichofungika, akasema, "Sasa lala usingizi." Tangu siku hiyo, Noreen akitaka kufungua linki alitoka mlango wa nyuma na kuita, "Clem, kuna linki," naye alitoka bandani akijifuta mikono, akaandika neno la siri huku ameifunika kibodi kwa tumbo lake. Noreen alimtania kwamba anaficha hazina ya taifa. Halafu Februari Clem akaanguka kule kule bandani, saa ya chai, na kwenye wale watu wote waliokuja na mabakuli yao ya viazi vya kuoka hakuna aliyewaza kuuliza habari ya neno la siri.

"Basi tunalihitaji hilo neno," Losalini akasema. "Bonyeza pale penye jina lake. Limetokea?"

CLEM, kioo kiliandika, na chini yake nafasi tupu.

"Una nafasi tano, mama. Ukikosea ya tano itajifunga nusu saa. Usikimbilie."

Noreen akaandika jina la mbwa. Wanaume huweka mbwa. Kioo kikakataa, kama mtu anayetikisa kichwa, kikamwandikia mstari mdogo ambao haukuwapo mwanzo.

Akausoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni la kutokea, akausoma tena.

"Kimesemaje?" Losalini akauliza.

"Kinasema, kidokezo."

"Vizuri. Aliandika nini?"

"Ameandika, *Muulize Noreen*."

"Na Noreen tutampata wapi?"

"Noreen ni mimi."

Losalini alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko asichokitaka.

"Cheka tu, mwanangu," Noreen akasema. Yeye hakuwa akicheka. Miezi mitano alikuwa mjane mzuri, anashukuru kwa mabakuli, anayarudisha yakiwa yameoshwa, na hasira hakuwa amepata nafasi ya kuiona. Sasa ikampanda. "Mjinga wewe," akamwambia Clem. "Mjinga mkubwa. Unaniuliza mimi nini?"

Ilikuwa saa sita na dakika tano. Kule watakuwa wamefika kwenye zaburi.

Akajaribu siku ya ndoa yao, ingawa alijua anapoteza nafasi. Clem hakuwahi kuikumbuka tarehe ile hata mwaka mmoja. Ikakataa.

"Mama," Losalini akasema, "tuache kubahatisha. Yeye alikuwa anakuuliza nini?"

"Kila kitu. Mji mzima ulimcheka. Ukimuuliza kilabuni anakunywa nini, anasema muulizeni Noreen."

"Kila kitu ni kingi. Kipi alikusumbua nacho mpaka ukachoka?"

Noreen akatazama dirishani, kwenye kibanda cha gari. Kilikuwa na miaka mingi ndani yake kile kibanda: kila Juni, fomu mkononi, Clem amesimama pale pale mlangoni, hatua sita kutoka kwenye gari lenyewe, anaita, "Noreen, namba ya gari ni ngapi?" Na yeye, aliyewahi kubeba kichwani namba za simu za nyumba mia mbili na kumi, anamtajia bila kugeuka kutoka kwenye sinki.

Akaandika namba ya gari. Ikakataa. Zimebaki mbili.

"Nilikuwa na hakika," akasema. "Losalini, nilikuwa na hakika kabisa."

"Mlikuwa na gari moja tu maisha yote?"

Hawakuwa na moja. Kulikuwa na pikapu nyeupe kabla ya hili, waliyoiuza kwa jamaa wa Kadina, na Clem aliiomboleza pikapu ile kuliko alivyomwomboleza baba yake. Kwa miaka mitatu baada ya kuiuza alijaza fomu za gari jipya kwa namba ya lile la zamani, kwa sababu ndiyo pekee ambayo Noreen alifaulu kumkaririsha.

"Herufi kubwa?" akauliza.

"Jaribu kubwa."

W, T, K. Sita, moja, nane. Akabonyeza, na kioo kikafunguka kimya kimya, kama mlango wa nyumba ambayo mwenyewe yumo.

Losalini hakushangilia. Alimpeleka upesi kwenye ukurasa wa vizuizi, akamwambia kuna alama ya vema kwenye kisanduku cha juu kabisa, aiondoe. Mkono wa Noreen ukasita. Alama ile Clem aliiweka mwenyewe, usiku ule alioapa hakuna mwizi atakayemsemesha mkewe tena. Akiiondoa hakutakuwa na mtu wa kuirudisha.

"Mama? Muda."

Akaiondoa. Akarudi kwenye barua ya Rhonda, akabofya mara moja, polepole. Duara likazunguka, likazunguka, kisha ukaja mwanga, na kwenye mwanga migongo ya watu.

Walikuwa wanatoka. Noreen aliziona nywele nyekundu za Rhonda zikiishia mlangoni, na mkono wa mtu umemshika begani. Aliona makoti meusi, mwavuli mmoja, mzee asiyemjua akirudi kuchukua kofia yake kwenye benchi. Mbele, mahali pa jeneza, palikuwa na stendi mbili za mbao na zulia. Glenys alikuwa ameshatoka. Pembeni ya kioo paliandikwa kwa herufi ndogo: *Watazamaji 7*. Halafu 4. Halafu 2. Noreen alipotazama tena ilikuwa 1, na ilimchukua muda kutambua ni nani.

"Imefunguka?" Losalini akauliza.

"Imefunguka."

"Umewahi?"

Noreen alifungua mdomo aseme ndiyo, asimsumbue mtoto wa watu aliyejitahidi vile. Haikutoka. "Wameondoka," akasema. "Wamemtoa. Nimemkosa, Losalini. Nimemkosa dada yangu."

Akalia kwa sauti, simu ikiwa sikioni, kama ambavyo hakumlilia Clem mbele ya watu. Losalini alimwacha alie. Kwa kawaida hapo ndipo humuuliza mteja kama kuna jingine la kumsaidia, kisha hukata, kwa sababu kuna mwingine anasubiri na msimamizi wake anahesabu dakika. Noreen alisikia mtu akimwita Losalini kwa mbali, akasikia mkono ukifunika simu, neno moja fupi la Kifiji, kisha mkono ukatoka.

"Pole sana, mama," Losalini akasema. "Aliitwa nani?"

"Glenys."

"Mimi naona kompyuta yangu tu hapa. Niambie unaona nini."

Noreen akajifuta uso kwa kiganja. "Kanisa. Viti vitupu. Kuna maua meupe. Hakuyapenda maua meupe, alisema yananuka hospitali. Nani kawaambia waweke meupe?"

"Na nini tena?"

"Kuna mama ameingia. Ana aproni. Anakusanya karatasi za nyimbo." Alisubiri. "Amekaa benchi la mbele. Amevua kiatu, anajikanda mguu. Masikini, hajui anaangaliwa."

"Muache apumzike."

"Sasa amesimama. Anazima taa za upande wa kulia."

"Bado unaona?"

"Naona kidogo. Madirisha bado yana mwanga. Amezima na za kushoto." Kiti cha Noreen kililia alipojisogeza mbele. "Sasa naona mlango tu."

"Ameufunga?"

Noreen akasogeza uso karibu na kioo, mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Bado," akasema.